Insulini: dawa inayokwenda kwa saa na chakula

Katika kliniki nyingi za kisukari, maneno yanayoogopwa kuliko yote ni yale daktari anayoyatamka anapoona vidonge havitoshi tena na muda wa kuanza sindano umefika. Mgonjwa hunyamaza, ndugu aliyemsindikiza huomba vidonge viongezwe walau kwa mwezi mmoja zaidi, na wakati mwingine karatasi ya dawa hukunjwa ikatiwa mfukoni isifike dukani kabisa. Hofu hiyo ina chanzo kinachoeleweka. Wengi wenye kisukari cha aina ya pili huanzishiwa insulini wakiwa wamechelewa mno, macho yameshaingia ukungu, figo zimeshalemewa au kidonda cha mguu kimeshaoza, kwa hiyo jirani aliyeona sindano ikianza mwezi wa tatu na mguu ukikatwa mwezi wa sita huhitimisha kwamba sindano ndiyo iliyoukata. Mambo yamekwenda kinyume na anavyodhani: mguu uliharibiwa na sukari iliyokaa juu kwa miaka, na insulini iliitwa kuzima moto nyumba ikiwa imeshaungua nusu.

Sindano yenyewe, kusema kweli, ndiyo sehemu nyepesi ya tiba hii. Sindano fupi za kalamu za insulini zina urefu wa milimita 4 tu, na watoto wa shule ya msingi hujichoma wenyewe kabla ya kunywa uji. Ugumu uko kwingine. Insulini ikishaingia chini ya ngozi haiulizi kama umekula au hujala, kama umelala au unalima. Inaendelea kushusha sukari kwa ratiba yake mpaka iishe, wala hakuna namna ya kuirudisha kwenye chupa. Anayeijua ratiba hiyo na kuipatanisha na milo yake huishi nayo kwa amani, na asiyeijua atahangaika kati ya sukari ya juu sana ya milimoli 20 na ya chini sana ya milimoli 2 kwa lita huku akiilaumu dawa.

Kazi ya kongosho

Kongosho ni kiungo kilicholala nyuma ya tumbo la chakula, na ndani yake mna mafungu madogo ya seli ziitwazo seli beta, ambazo hutengeneza homoni ya insulini na kuimwaga kwenye damu. Kwa mtu mwenye afya kazi hiyo ina sura mbili. Ya kwanza ni ya kidogokidogo isiyokatika usiku na mchana, hata mtu akiwa amefunga, kwa sababu ini huachilia sukari wakati wote ili ubongo usikose nguvu, na insulini ndiyo inayolizuia ini lisipitilize. Ya pili ni ya ghafla na kubwa: mtu akila ugali, ndizi au mkate, wanga hugeuzwa kuwa glukosi, glukosi huingia kwenye damu, na kongosho hutoa mara moja insulini ya kutosha kuiingiza glukosi hiyo kwenye misuli, ini na mafuta. Insulini hiyo ya mwilini hudumu kwenye damu dakika chache tu kisha huvunjwa, kwa hiyo sukari ikianza kushuka kongosho hupunguza utoaji papo hapo. Sifa hii ya kujirekebisha kila dakika ndiyo tunayoikosa tunapotumia sindano, na karibu kila tatizo nitakalolieleza hapa chini linatokana na upungufu huo mmoja.

Katika kisukari cha aina ya kwanza, ambacho mara nyingi huanza utotoni au ujanani ingawa kinaweza kumpata mtu wa umri wowote, kinga ya mwili hushambulia seli beta mpaka zikaisha. Mtu huyu hana hiari. Asipopata insulini atakufa, pengine ndani ya siku chache. Katika aina ya pili mambo huenda polepole: mwili hauitikii insulini ipasavyo, kongosho hulazimika kutoa nyingi zaidi, na kadiri miaka inavyopita seli beta hupungukiwa nguvu. Utafiti mkubwa wa Uingereza ujulikanao kama UKPDS ulionyesha kwamba kwa kawaida mtu anapogundulika kuwa na kisukari cha aina ya pili, uwezo wa seli hizo umeshabaki karibu nusu, na kwamba huendelea kupungua hata akiwa kwenye dawa. Kwa hiyo mtu aliyekaa na ugonjwa huu miaka 10 au 15 akahitaji insulini hajashindwa kufuata masharti, wala daktari hamwadhibu. Mwili wake umepungukiwa na kitu, na anaongezewa kitu hichohicho.

Kabla ya mwaka 1922 hakukuwa na cha kuongeza. Watoto wenye aina ya kwanza walinyimwa chakula kwa makusudi ili wasife haraka, wakakonda wakabaki mifupa. Mwaka 1921, mjini Toronto nchini Kanada, Frederick Banting na Charles Best, wakifanya kazi katika maabara ya J.J.R. Macleod, walifanikiwa kukamua kutoka kwenye kongosho za wanyama kimiminika kilichoshusha sukari ya mbwa. Tarehe 11 Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, alichomwa kimiminika hicho, lakini kilikuwa kichafu mno, kikamletea jipu na nafuu haba. Mkemia James Collip alikisafisha, Thompson akachomwa tena kuanzia tarehe 23, na safari hii sukari ikashuka kweli. Aliishi miaka 13 zaidi. Kwa miongo kadhaa insulini ilitoka kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe, jambo lililowatia mashaka Waislamu wengi, na bado wapo wanaouliza. Leo jibu ni rahisi. Mwaka 1978 wanasayansi wa Marekani walifaulu kuwafanya bakteria watengeneze insulini inayofanana na ya binadamu, ikaanza kuuzwa mwaka 1982, na insulini zinazotumika hospitalini siku hizi karibu zote hutengenezwa kwa bakteria au hamira.

Chupa angavu na chupa nyeupe

Insulini zinatofautiana kwa kasi ya kuanza kazi na muda wa kudumu, na hapa ndipo mgonjwa anapaswa kuuliza maswali mengi kuliko popote pengine. Ipo insulini ya muda mfupi, ambayo ni angavu kama maji. Ukichoma huanza kufanya kazi baada ya nusu saa hivi, hufikia kilele kati ya saa 2 na 4, na huisha baada ya saa 6 hadi 8. Ipo ya muda wa kati, iitwayo NPH, ambayo Hans Christian Hagedorn na wenzake wa Denmark waliikamilisha mwaka 1946 kwa kuiunganisha insulini na protini inayoichelewesha kunyonywa. Hii ni nyeupe kama maziwa mepesi. Huanza baada ya saa 1 hadi 2 au zaidi kidogo, kilele chake ni kati ya saa 4 na 10, na hudumu saa 12 hadi 18. Ya tatu ni mchanganyiko wa hizo mbili katika chupa moja, sehemu 30 za muda mfupi na 70 za muda wa kati, na ndiyo ambayo wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki hupewa.

Zipo pia insulini mpya ambazo muundo wake umebadilishwa kidogo: za haraka sana, kama lispro na aspart, zinazoanza ndani ya dakika 15 na kuisha baada ya saa 3 hadi 5, na za muda mrefu, kama glargine, zinazodumu takriban saa 24 bila kilele cha kuonekana. Ni nzuri, hasa kwa kupunguza kushuka kwa sukari usiku, lakini bei yake ni kubwa zaidi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, lilipendekeza nchi zenye uwezo mdogo zitangulize insulini za kawaida, yaani ile ya muda mfupi na NPH, na kwa maoni yangu ushauri huo una busara: insulini ya kawaida isiyokatika kliniki inamfaa mgonjwa kuliko ya kisasa anayoimudu mwezi mmoja na kuikosa miwili. Mwaka 2021 shirika hilo liliziingiza na zile za muda mrefu kwenye orodha ya dawa muhimu. Angalizo moja: glargine nayo ni angavu kama ile ya muda mfupi, kwa hiyo mtu mwenye zote mbili nyumbani asitegemee rangi ya maji, asome jina, na kamwe asizichanganye katika bomba moja la sindano.

Siku moja ya mchanganyiko

Tuchukue mtu aliyeandikiwa mchanganyiko yuniti 20 asubuhi na yuniti 10 jioni. Hesabu hii ni mfano tu, kwa kuwa dozi ya kila mtu hupangwa na mhudumu wake wa afya. Yuniti 20 za asubuhi zina ndani yake yuniti 6 za muda mfupi na 14 za NPH. Akichoma saa 12:30 asubuhi na kunywa chai na chapati saa 1, zile 6 zinaanza kazi chakula kikiwa kinaingia, na kilele chake, kati ya saa 2:30 na saa 4:30, kinakutana na sukari ya kifungua kinywa. Mpaka hapo mambo ni sawa. Zile 14 ndizo zinazosahauliwa. Kilele chake kinaanza saa 4:30 na kinaweza kufika saa 10:30 alasiri, maana yake ni kwamba chakula cha mchana kimeshachomewa sindano tangu alfajiri, kabla hakijapikwa. Fundi ujenzi anayesubiri zege limalizike ndipo ale, mama muuza samaki ambaye wateja hawamwachii nafasi, mwalimu aliyeingizwa kikaoni saa 7, wote hawa wataanza kutetemeka na kutoka jasho, na wengi wao watasema insulini ni kali mno, haiwafai. Insulini imefanya kazi iliyotumwa kufanya. Kilichokosekana ni sahani ya mchana.

Jioni kuna mtego mwingine. Karatasi ya kliniki imeandika "asubuhi na jioni", basi mgonjwa mtiifu anachoma saa 12:30 jioni kila siku, lakini nyumbani kwao wali unapakuliwa saa 3 usiku. Insulini ya muda mfupi inakutana na tumbo tupu. Maelezo sahihi ya kumpa mtu wa mchanganyiko ni kwamba sindano inapangwa kwa saa ya mlo, nusu saa kabla yake, wala haifuati adhana wala taarifa ya habari. Na kwa kuwa NPH ya jioni hufikia kilele katikati ya usiku, anayekula chakula kidogo cha usiku au anayelala bila kula kabisa anajitafutia hatari akiwa usingizini, pale ambapo hatajua kama anatetemeka.

Wale wanaotaka uhuru zaidi wa saa za kula hupangiwa njia inayofanana na kongosho: insulini ya muda mrefu au NPH kwa ajili ya ile kazi ya kidogokidogo, na ya haraka au ya muda mfupi kwa kila mlo. Ni sindano 4 au zaidi kwa siku, na huhitaji kupima mara nyingi, lakini asiyekula hachomi ile ya chakula, na mambo yanakwisha. Kwa aina ya kwanza hii ndiyo tiba bora. Utafiti wa Marekani na Kanada uitwao DCCT, uliotolewa mwaka 1993, ulionyesha kwamba kudhibiti sukari kwa njia hii ya makini kulipunguza uwezekano wa ugonjwa wa macho kuanza kwa asilimia 76. Kwa aina ya pili mwanzo huwa mwepesi zaidi: mgonjwa huendelea na vidonge vya metformin na kuongezewa dozi moja ya insulini ya usiku, mara nyingi yuniti 10, ambayo huongezwa taratibu mpaka sukari ya asubuhi kabla ya kula itulie. Atanenepa kidogo, kwa sababu sukari iliyokuwa ikipotelea kwenye mkojo sasa inabaki mwilini. Ni vyema aambiwe mapema.

Kuchoma na kupima

Insulini hupimwa kwa yuniti. Chupa nyingi siku hizi ni za U-100, yaani kila mililita moja ina yuniti 100, hivyo chupa ya mililita 10 ina yuniti 1,000, na ni rahisi kukadiria itaisha lini. Bomba la sindano lazima liwe na alama hiyohiyo ya U-100. Yapo bado mabomba ya U-40, yaani ya insulini yenye yuniti 40 kwa mililita, katika baadhi ya maduka, na mtu akivuta insulini ya U-100 kwa bomba la U-40 mpaka mstari wa 20, atakuwa amejichoma yuniti 50. Hili ni kosa la kuua, na muuza duka aliyempa "bomba la insulini" tu bila kuangalia hatakuwapo usiku huo.

Insulini nyeupe lazima ichanganywe kabla ya kuvutwa, kwa sababu dawa hutuama chini. Chupa huviringishwa taratibu katikati ya viganja na kupinduliwa mara 10 au zaidi mpaka weupe uwe sawasawa, bila kutikiswa kwa nguvu, maana povu huharibu kipimo. Nimeona chupa iliyotumika nusu ikiwa na maji karibu angavu juu na utando mweupe chini: mwenye chupa hiyo alikuwa akivuta dawa hafifu mwanzoni mwa mwezi na kali mwishoni, kisha anashangaa kwa nini sukari yake haina mwenendo. Ikiwa baada ya kuviringisha kuna mabonge yanayoelea au chembe zilizoganda kwenye kioo, chupa hiyo haifai tena. Anayechanganya mwenyewe aina mbili katika bomba moja huanza kuvuta ile angavu ndipo avute nyeupe, ili NPH isiingie kwenye chupa ya muda mfupi.

Mahali pa kuchoma ni kwenye mafuta chini ya ngozi: tumboni, ukiacha nafasi ya vidole viwili kuzunguka kitovu, mapajani kwa nje, makalioni na sehemu ya nyuma ya mkono wa juu. Tumboni dawa hunyonywa haraka zaidi kuliko pajani, na paja linalofanya kazi, kwa mfano la mwendesha baiskeli, hunyonya haraka kuliko paja lililotulia. Kila sindano isogee kama sentimita 2 kutoka ile ya jana. Wengi hawasogei, kwa kuwa mahali palipozoea sindano hapaumi, na baada ya miezi panaota kivimbe laini cha mafuta kisichoonekana kwa macho lakini kinachosikika kwa vidole. Dawa inayochomwa hapo hunyonywa ovyo, leo nyingi kesho kidogo, na mgonjwa akiongezewa dozi kwa sababu hiyo kisha akahamia ngozi nzima, sukari yake itaanguka. Muuguzi anayepapasa tumbo la mgonjwa kwa dakika moja hugundua mengi ambayo daftari la vipimo halisemi. Anayetumia kalamu naye, baada ya kubonyeza hadi mwisho, ahesabu taratibu mpaka 10 kabla ya kuchomoa, la sivyo tone la dawa litabaki juu ya ngozi.

Kuhusu kupima, mashine za Tanzania na Kenya kwa kawaida husoma kwa milimoli kwa lita, huku nyingine, na vipimo vya ndugu walioko Marekani, vikisoma kwa miligramu kwa desilita. Ili kubadilisha, zidisha milimoli kwa 18. Kwa watu wazima wengi lengo kabla ya kula ni kati ya milimoli 4.4 na 7.2, na kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa miezi 2 hadi 3, kisizidi asilimia 7, ingawa kwa wazee na wanaoshukiwa mara kwa mara na sukari lengo hulegezwa. Vijiti vya kupimia ni ghali, hivyo asiye na uwezo wa kupima mara nne kwa siku azitawanye saa zake: leo asubuhi, kesho kabla ya chakula cha mchana, keshokutwa kabla ya kulala. Daftari lenye vipimo vya asubuhi pekee humweleza daktari habari za usiku na kumficha habari za mchana. Na sukari ya asubuhi ikiwa juu kila siku, isiongezwe dozi ya usiku kwa pupa. Ipimwe walau mara moja saa 9 usiku, kwa sababu inawezekana insulini iliisha mapema, inawezekana ni homoni za alfajiri, na inawezekana sukari ilianguka usiku na mwili ukajitetea kwa kumwaga sukari kutoka ini. Katika hali hii ya mwisho, kuongeza dozi ni kuongeza tatizo.

Sukari inaposhuka

Kipimo chini ya 3.9 ni sukari iliyoshuka, na chini ya 3.0 ni hatari. Dalili za kwanza ni kutetemeka, jasho jembamba, njaa kali na moyo kwenda mbio. Baadaye mtu huchanganyikiwa, huongea kama mlevi, hugombana, huanguka. Asiye na mashine karibu asisubiri kupima. Anywe vijiko 3 hadi 4 vidogo vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari, kisha asubiri dakika 15 na arudie ikiwa hajapata nafuu. Chapati, ndizi au chokoleti havifai kama hatua ya kwanza kwa sababu huchelewa. Vinafaa baada ya sukari kupanda, ili isishuke tena. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe kitu mdomoni kwani kitaingia mapafuni. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali.

Sababu za kushuka huwa chache na zinajulikana: mlo uliorukwa, dozi iliyozidi, kazi ya nguvu kuliko ya jana, na pombe, ambayo hulizuia ini kutoa sukari kwa saa nyingi baada ya glasi ya mwisho. Ipo nyingine isiyozungumzwa vya kutosha. Figo zikianza kushindwa, insulini hukaa mwilini muda mrefu zaidi, na mtu aliyekuwa akihitaji yuniti 40 anajikuta anatosheka na 25. Familia hufurahi kwamba kisukari kinapungua. Kinachopungua ni figo, na anahitaji vipimo haraka. Jambo linalofanana hutokea kwa mtoto mwenye aina ya kwanza wiki chache baada ya kuanza tiba, pale seli beta zilizosalia zinapopata nafuu ya muda na dozi ikashuka sana. Ni kipindi cha wiki au miezi, hakidumu, na ndicho ambacho wazazi hushawishiwa kwa urahisi zaidi na mtu wa mitishamba au wa maombi kwamba mtoto amepona. Waombe, hakuna ubaya, insulini isiachwe.

Mtungi, mwezi wa Ramadhani na siku za homa

Chupa ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya kugandisha, kwa kuwa insulini iliyoganda imekufa hata ikiyeyuka. Iliyofunguliwa kwa kawaida hutumika wiki 4 hivi nje ya friji mahali penye ubaridi. Wasio na friji hutumia mtungi: sufuria au chungu kidogo cha udongo ndani ya kikubwa, mchanga mbichi katikati, kitambaa kilicholoana juu, na maji yanayokauka huchukua joto. Njia hii haipaswi kudharauliwa. Madaktari Wasio na Mipaka na watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto katika nyumba za wakimbizi kambini Dagahaley, Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya, wakakuta linapanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37; walipoziweka insulini maabara katika joto la namna hiyo kwa wiki 4, nguvu yake ilibaki sawa na iliyokaa kwenye friji. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 2021. Hayana maana kwamba chupa inaweza kuachwa kwenye dashibodi ya gari au kwenye buti la basi la Dodoma mchana kutwa. Jua la moja kwa moja ni jambo jingine.

Katika mwezi wa Ramadhani, aya ya 184 ya Suratul Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, na wenye aina ya kwanza, wajawazito wanaotumia insulini na wenye figo dhaifu ndio wanaoihitaji zaidi. Anayeazimia kufunga amwone daktari mapema, wiki 6 hivi kabla, kwa sababu dozi hugeuzwa: kwa mtu wa mchanganyiko, ile kubwa ya asubuhi kwa kawaida huhamia futari, na ile ya jioni hupunguzwa, pengine kwa nusu, ikachomwa wakati wa daku. Wanazuoni wengi wanakubali kwamba kujidunga kidole kupima sukari na kuchoma insulini havibatilishi saumu. Sukari ikiwa chini ya 3.9 au ikipita 16.6, swaumu ifunguliwe hata ikiwa imebaki nusu saa adhana isikike.

Siku za malaria, mafua makali au kuharisha ndizo zinazoua kwa makosa ya nia njema. Mama anamwona mtoto wake mwenye aina ya kwanza hali chochote, anafikiri insulini itamwangusha, anaacha kumchoma. Lakini ugonjwa hupandisha homoni zinazopinga insulini, na ini huendelea kumwaga sukari hata tumbo likiwa tupu. Insulini ikikosekana kabisa mwili huanza kuchoma mafuta, asidi ziitwazo ketoni hujaa kwenye damu, na ndani ya saa chache mtoto hutapika, tumbo humuuma, hupumua kwa kina na kwa haraka, na pumzi yake hunuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi au rangi ya kucha. Kanuni ni kwamba insulini ya kidogokidogo haisimamishwi siku ya homa. Dozi inaweza kupunguzwa au kuongezwa kwa ushauri wa kliniki, sukari ipimwe kila baada ya saa 3 au 4, maji yanywewe kwa wingi, na ikiwa hawezi kula apewe uji mwepesi au kinywaji chenye sukari ili dawa iwe na cha kufanyia kazi. Anayetapika mfululizo, anayepumua kwa namna ile, au anayesinzia kupita kawaida apelekwe hospitali usiku huohuo bila kungoja asubuhi, na anayempeleka aseme mlangoni, kabla hajaulizwa lolote: ana kisukari, anatumia insulini, mara ya mwisho amechomwa saa fulani yuniti kadhaa.